Usichore kwenye gauni ambalo limeshashonwa, jamani

Kila wiki lazima nikute meseji inboksi ya mtu anayesema dada na mimi najua kuchora, nataka nianze kuchora kwenye nguo niuze, nianzie wapi. Huwa najibu kipande kipande nikiwa kwenye daladala, mwisho wa siku hata mimi mwenyewe sikumbuki nani nimemwambia nini, so leo nimekaa niandike yote mara moja. Hii ni kwa uzoefu wangu mimi, mchoraji ambaye hajui kushona hata kishikizo, kwa hiyo mafundi mkinikuta nimeteleza mnivumilie.

Nianze na aibu yangu. Nguo yangu ya kwanza ilikuwa gauni jeupe la pamba, nililinunua likiwa limeshonwa tayari, nikaingiza boksi ndani ili rangi isipenye upande wa pili nikachora kanga. Ndege ee, siyo nguo. Kanga mkubwa, mkia unaanzia kiunoni, shingo inapanda hadi karibu na bega la kushoto, madoa meupe yote nimeyaweka moja moja kwa ncha ya brashi usiku mzima. Likiwa limetandikwa mezani lilikuwa zuri mpaka nikalipiga picha nikaweka stetasi. Binamu yangu akalivaa kwenye sendofu ya rafiki yake. Sasa akikaa, ile dati ya kifuani, kile kikunjo kinachoshonwa ili nguo ifuate mwili, inamvunja ndege shingo, akishusha mkono kichwa kinapotelea kwapani, yaani ukimwangalia kwa mbali ni kama mtu kabana kuku anampeleka sokoni. Watu walicheka na mimi nilicheka kwa sababu ningefanyaje. Afu likafuliwa mara moja tu, rangi ikapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Yale yalikuwa makosa mawili tofauti na watu wengi wanadhani ni moja. La rangi ni dogo, unalirekebisha kwa hela. La kichwa kwapani ndo kubwa, kwa sababu linatokana na kuona nguo kama karatasi ambayo bahati mbaya ina mikono.

Aliyenitoa huko ni fundi mmoja mzee ana cherehani yake barazani Mwananyamala, hapa Dar. Nilimpelekea kitambaa nimeshakichora chote, mita tatu, maua na majani mwanzo hadi mwisho, nikamwamkia shikamoo mzee, naomba unishonee gauni hapa. Akaitikia marahaba, akakikunjua, akakaa kimya, akachukua chaki. "Haya mwanangu, nionyeshe wewe mwenyewe nikate wapi. Nikikata hapa hili ua linabaki nusu, nikisogea huku mkono hautoshi." Nikasema mzee kata tu. Akasema "Sikati. Utakuja kunilaumu." Akanirudishia kitambaa changu.

Kesho yake nikarudi na kitambaa kitupu, na ndo utaratibu ninaoutumia mpaka leo. Fundi anapima mteja, anakata vipande vyote, mbele, mgongo, mikono, kola kama ipo. Kabla hajaunga kitu anachora kwa chaki mstari wa mshono unapopita, dati zinapoingia, zipu inapokaa, upindo wa chini unapoishia. Vile vipande nabeba mimi naenda navyo nyumbani vikiwa flati kabisa, navitandika juu ya plastiki, nachora nikijua huu mstari nisiuvuke, hapa patakunjwa, hapa ni kwapa paachwe patupu. Kama mchoro unatakiwa utoke mbele uzunguke hadi mgongoni naweka vile vipande viwili ubavu kwa ubavu nabana na pini, nachora tawi linavuka, na pale kwenye mshono naongeza rangi kidogo ndani ya ile sehemu itakayomezwa, maana fundi akiunga ikasogea hata nusu sentimita pasionekane peupe. Vikikauka napiga pasi, narudisha kwa fundi, anashona. Inachukua safari nyingi za Mwananyamala, nauli inauma, ila hamna njia ya mkato ambayo nimeiona.

Na ukitaka kujua mambo haya yalishafikiriwa zamani mbona yapo kabatini kwa mama yako? Chukua kanga, safari hii nguo sasa, itandike kitandani uiangalie kama mchoraji. Ina pindo pande zote nne, katikati kuna mji, na chini ya mji karibu na pindo refu kuna jina, yale maandishi. Upana wake ni mita moja na kitu na urefu mita moja na nusu hivi, mtu mzima anajifunga inamzunguka. Aliyepanga hivyo hakupanga kwa ajili ya ukuta. Ukijifunga kiunoni pindo linashuka sawasawa linafanya upindo wa gauni bila fundi, na jina linaangukia nyuma, anayelisoma ni yule unayempa mgongo, na wote tunajua hiyo ni kazi maalumu. Ukijitanda kichwani pindo linazunguka uso kama fremu. Halafu angalia rangi, mara nyingi mbili tatu tu, hazichanganywi changanywi, mistari minene, lile umbo la korosho kubwa unaliona kutoka ng'ambo ya barabara. Kile kisutu, ile kanga ya harusi, nyekundu nyeusi na nyeupe, hakijawahi kuhitaji rangi ya nne. Mimi nilivyotoka kwenye kuchora picha za vivuli na pua za watu nilikuwa nadharau vitu hivi, naona ni vya kina bibi. Sasa hivi nikipata oda ngumu kitu cha kwanza nachora pindo, mji ndo unafuata.

Jambo lingine nililojifunza huko ni herufi. Wateja wengi wanataka maneno mgongoni na wanakuja na fonti ya mapambo wameitoa kwenye simu. Kanga zenyewe zilianza kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi za Kirumi, na zikawa herufi kubwa tupu, zimesimama, basi. Kitambaa kikijikunja herufi zile bado zinasomeka. Zile za mapambo mtu akiinama kidogo "mapenzi" inakuwa kitu kingine.

Haya tuje kwenye rangi na kitambaa maana najua ndo mnachosubiri. Pamba. Pamba asilimia mia kama unaweza, na kabla ya chochote kifue kwa maji ya moto na sabuni, kile kitambaa cha dukani kina wanga na dawa za kiwandani, rangi haishiki, na pia kitarudi, yaani kitasinyaa kikifuliwa. Nilishawahi kuruka hii hatua kwa haraka ya mteja, shati likarudi kwenye kufuliwa kwa mara ya kwanza, mchoro haukurudi, ukabaki umejikunja juu ya kitambaa kama maganda ya kitunguu. Tetroni na polista mimi siku hizi nakataa, nakuambia tu ukweli nenda kwa mtu wa kuprinti.

Kwenye rangi, tafuta rangi iliyoandikwa kabisa ni ya kitambaa. Akriliki ya kawaida inakuwa ngumu, ndo ile iliyonipasukia. Kama unazo nyingi na huwezi kuzitupa kuna ile dawa ya kuchanganyia inayoilainisha ikae kwenye nguo, inasaidia sana. Paka nyembamba, mara mbili, usipake moja nzito. Iache siku nzima ikauke, kisha pasi upande wa ndani bila mvuke, dakika tatu mpaka tano kila sehemu, unasogeza sogeza usije ukaunguza. Mimi kila nguo inatoka na kikaratasi, isifuliwe wiki ya kwanza, maji baridi, ianikwe imegeuzwa ndani nje, na hakuna kuloweka. Neno hakuna kuloweka nimelikoleza, kwa sababu dada wa nyumbani wa mteja wangu mmoja aliloweka jaketi usiku kucha na sabuni ya unga pamoja na madira, nikapigiwa simu mimi.

Kama mkono wako haujatulia kwenye brashi jaribu batiki. Kwenye batiki unafikiria kinyume, unapopaka nta ndo pale ambapo rangi haitaingia, kwa hiyo unaanza na kitambaa cheupe unalinda yale unayotaka yabaki meupe, unatia rangi ya kwanza iliyo nyepesi, unalinda tena, unakwenda kwenye nzito. Ukitumia mshumaa mtupu unapasuka pasuka kitambaa kikikunjwa na rangi inapenya kwenye nyufa, ile mishipa mishipa mnayoiona kwenye batiki ndo hiyo. Wengine wanaitaka, wengine wanachanganya na nta ya nyuki maana hiyo ni laini haivunjiki ovyo. Zile rangi za kostiki na haidro, yaani zinazochanganywa na hizo dawa mbili kwenye maji, zina raha yake, kitambaa kikitoka kwenye beseni unaona rangi siyo, unasema nimeharibu, unakitundika hewani unaona chenyewe kinageuka mbele ya macho yako. Ila glovu na buti siyo hiari, kostiki inaunguza, mtoto asiwe karibu, na usifanyie kwenye jiko mnalopikia. Na maji ya rangi yasiwe ya moto, yatayeyusha nta yako yote.

Kwa anayeanza leo na hana mtaji namwambia aende kwenye mitumba akatafute jaketi la jinsi. Limeshafuliwa mara mia, halirudi tena, halichuji, mgongo wake ni kipande kikubwa kilichonyooka ambacho mtu akikaa hakivunjiki sana. Ndo nguo pekee ambayo nakuruhusu uichore ikiwa imeshonwa.

Kuna hili la Tingatinga, kila mtu anataka twiga na chui mgongoni. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hapahapa Dar, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupaka baiskeli, akafariki 1972, yaani miaka minne tu na hadi leo watu wanakula kwa staili ile. Rangi ile ya mafuta inang'aa na inapendeza kwenye picha kwa sababu picha haifuliwi wala haipandi mwendokasi saa moja asubuhi. Kwenye nguo inakakamaa na inanuka. Kwa hiyo oda za hivyo mimi nanunua rangi za kitambaa, nampelekea mchoraji wa Tingatinga mwenyewe na vipande vilivyokatwa, achore yeye, namlipa na jina lake tunaliandika ndani ya kola. Najua kuiga, sote tunajua, lakini nilishaigwa na mimi nikajua linavyouma. Duka moja walichukua tawi langu la mkorosho wakaliprinti kwenye tisheti wakabadilisha tu rangi, nilivyowauliza wakasema tumelikuta mtandaoni. Tangu hapo michoro ninayotegemea naisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na mtandaoni naweka picha ya mtu amevaa nguo, mchoro mtupu siuweki.

Bei sina la kuwafundisha sana, mimi mwenyewe nimechelewa kujua. Jaketi la kwanza niliuza 35,000, nikaja kupiga hesabu, jaketi lenyewe, rangi, nauli, siku tatu za mgongo kuuma, nikakuta nimemlipa mteja avae. Andika masaa yako kwenye daftari hata kama unaona aibu. Na hela ya fundi ikae pembeni kabla hujagusa yako, fundi akikukasirikia umekwisha.

Lile gauni la kuku kwapani bado ninalo, binamu alinirudishia hakulitaka tena. Kila nikinunua rangi mpya najaribia kwenye upindo wake, tone moja, napiga pasi, nafua, naangalia kama limebaki. Yule ndege alishabanduka zamani, amebaki mguu mmoja, ila gauni zima kuanzia magotini kushuka limejaa madoa.