Si lazima uwe mchungaji

Dada, umeuliza kama ni lazima uwe mchungaji ndipo upate kazi pale AACC, chama cha makanisa ya Afrika nzima, Waiyaki Way jijini Nairobi. Wala. Kazi ya ofisi ni ya wahasibu, madereva, makatibu muhtasi na watu wa miradi. Kitakachokubeba ni Kifaransa. Tangu chama kizaliwe Kampala mwaka 1963 wanachama wametapakaa bara zima, na barua ya Kinshasa haiji kwa Kiingereza, seuze Kiswahili cha Nairobi! Dhehebu lisikutie wasiwasi: Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wamo. Ila wewe mwenyewe andaa wadhamini mapema, mmoja awe mchungaji anayekujua kweli, si wa kukusalimia mlangoni Jumapili tu.