Usitume hiyo advansi kabla hujajua kama wamechanjwa ndigana kali

Mkuu simama hapo hapo. Umesema dalali amekuonyesha mitamba (ng'ombe jike ambao hawajazaa) wawili wa maziwa aina ya Friesian kwenye picha, wako Njombe, wiki ijayo wanashuka Kibaha, na unauliza ukubwa wa banda, chakula, soko la maziwa, na kama bora ungeanza na mbuzi au kuku. Nimefika kwenye hiyo "wiki ijayo" moyo ukanilipuka. Wamechanjwa ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe? Umeuliza? Maana kwenye maelezo yako yote sijaona hilo neno hata mara moja.

Mimi nilichukua mtamba mwenye mimba kutoka nyanda za juu, mzuri, mpole, amekulia bandani hajawahi kuchunga. Dalali akaniapia "huyu chanjo zote anazo boss". Zote! Kumbe zote zake ni kimeta na chambavu, magonjwa mengine kabisa. Sasa ng'ombe aliyekulia bandani bila kupe hana kinga yoyote ya ndigana, tofauti na zebu, ng'ombe wa kienyeji wa huku, ambao wameng'atwa tangu ndama, wakaugua wakapona. Nikamfungia banda safi la zege nikajua nimemaliza, anaingiliwa na kupe wapi? Kupe walikuja na majani. Kijana alikuwa anakata barabarani pale zebu wanapopita kila siku, analeta mzigo mpaka mdomoni kwa mtamba.

Kwanza akapunguza kula. Nikashika sikio, la moto. Tezi chini ya sikio ikavimba kama limao, na ya begani nayo. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, jamaa wa pale hata hakuuliza joto la ng'ombe wala ametoka wapi, akanipa OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, "piga hii, ni mafua ya safari". Huyo mtu mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka, kwa sababu OTC ndigana ikishalipuka haiponyi! Dawa yake ni buparvakwoni, na inataka iwahi, dalili zikiwa bado changa. Zile siku za kumpiga OTC ndizo zilizomuua. Akaanza kukohoa, akawa anapumua kwa kuvuta tumbo, povu likatoka puani, daktari wa mifugo alipofika mapafu yameshajaa maji. Akafa na ndama tumboni. Hela ya ng'ombe, ya gari, ya banda, ya dawa, na maziwa ambayo watu walikuwa wameshaniwekea oda.

Kinachouma zaidi ni kwamba chanjo ipo, na inachomwa mara moja tu maishani. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970. Wanamchoma ng'ombe vimelea hai vya ndigana na papo hapo wanamchoma oksitetrasaiklini ile ya kukaa muda mrefu mwilini, ugonjwa unakuja kidogo, mwili unajifunza. Kwa hiyo OTC kazi yake kwenye ndigana ni hapo, siku ya chanjo. Chanjo yenyewe inatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali, huwezi kuikuta kaunta ukajichomea, na mrija mmoja unachanja ng'ombe wengi, ndiyo maana wataalamu wanapenda wafugaji mkusanyike. Waliochanjwa huvishwa hereni. Angalia hapa usipigwe: hereni ya utambuzi wa mifugo ya serikali siyo hereni ya chanjo! Dalali atakupigia picha sikio lenye hereni aseme "si unaona mwenyewe". Taka namba ya mtaalamu aliyechanja, mpigie wewe, siyo dalali akupigie.

Kama hawajachanjwa, wachanjiwe huko huko Njombe kwa muuzaji na wakae, kinga inachukua wiki kadhaa kujijenga na wengine huugua kidogo baada ya sindano, lazima awepo mtu wa kuwapima joto. Mwenye mimba kubwa mtaalamu ndiye aamue. Dalali akisema "gari lishapatikana, ukichelewa wanachukuliwa", mwache wachukuliwe. Na kibali cha kusafirisha mifugo kiwepo mkononi kabla hawajapanda gari, habari ya "tutamalizana njiani" kataa.

Hata wakichanjwa dawa ya kupe usiache, maana ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo navyo vinaletwa na kupe na hiyo chanjo haivizuii. Puliza mpaka ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele, vijana wengi wanapuliza mgongo tu wanaondoka.

Chakula: panda mabingobingo yako kwanza ndani ya uzio ambao ng'ombe wa watu hawapiti. Mtamba wa kilo 400 anakula majani mabichi kama kilo 60 kwa siku, ukitegemea ya barabarani ndiyo unarudi kule kule kwangu. Banda na soko wadau wengine watakuja, na mbuzi na kuku hawaugui ndigana kali, kwa hiyo huko uko huru.

Leo usiku muulize dalali hilo moja, nani aliwachanja ndigana kali na lini, halafu uje uandike hapa amejibu nini.