Saa nane usiku macho kodo
SUALI: Asalaam alaykum dokta, mie nipo Wete, tangu mume wangu aingie deni la karafuu silali, nikilala saa nne basi saa nane macho kodo na moyo unakwenda mbio, asubuhi najikokota tu. Jirani kasema jini!

JAWABU: Waalaykum salaam bibie. Jini hayumo hapa, hilo deni latosha. Ubongoni mna saa kuu inayofuata mwanga wa jua, lakini ini, moyo na misuli navo vina visaa vyao, na hivyo vinasikiliza homoni ya kotisoli inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Kawaida hupanda alfajiri, ikafika kileleni kama nusu saa baada ya kuamka, ikashuka mpaka chini kabisa mnamo saa sita usiku. Sasa wewe unapiga hesabu kitandani, wasiwasi unaipandisha kotisoli usiku, visaa vya viungoni vinadhani kumekucha, na ile saa kuu haina masikio ya kuisikia kotisoli, inabaki na majira yake, ndo mwili unagawanyika. Jua likichomoza toka nje ukae uwanjani, chai ya rangi isivuke alasiri, na daftari la deni likae huko ukumbini. Wiki zikipita hali ile ile, nenda hospitali.