Lusajo mwanangu, kuhusu yule Murphy wako

Lusajo mwanangu,

Hujambo? Sisi huku Uyole wazima, baridi tu ndo imezidi, asubuhi hii sakitu imelala kwenye viazi, nyeupe kabisa, na mjomba wako kashinda anapita mstari kwa mstari anaangalia majani. Meseji yako niliisoma juzi usiku, nikairudia jana. Unasema hosteli mmebishana mpaka saa nane za usiku juu ya ile sinema ya RoboCop, kwamba yule askari Murphy akishauawa na kuvalishwa chuma anabaki mtu, au ni mashine tu iliyobakiwa na kumbukumbu za mtu, na wenzako wamekuzidi hoja, sasa unataka nikujibu mimi kwa sababu nilikwambia ukiwa mdogo kwamba ni mtu. Ni kweli nilikwambia. Nimeona niandike ndefu kabisa maana hili jambo kwetu halijawahi kuwa la sinema tu na wewe unalijua.

Mimi na mjomba wako tuliiona mwaka 1992 pale Mwanjelwa, kwenye kibanda cha video cha mabati, tivii moja, deki moja, watu tumebanana kwenye mabenchi. Yenyewe ilitoka 1987 huko Marekani. Mimi nilikuwa sekondari, yeye shule ya msingi bado, Kiingereza chenyewe tunaokota neno moja moja, lakini hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia. Alipotoka pale mjomba wako alitembea kama Murphy mpaka Mafiati, kichwa kinageuka kwanza halafu mwili ndo unafuata nyuma yake, hatua inashuka nzito, na mtu akimsalimia anaganda kwanza kabla hajajibu. Kwa muda mrefu hakuwa na mchezo mwingine. Ungemwona! Miaka 12, miguu kama fito, anatembea kama ana tani nzima mwilini.

Sasa wewe umeuliza kama Murphy ni mtu. Nitakujibu, lakini kwanza nataka nikwambie kitu ambacho nadhani kwenye ubishi wenu hakuna aliyekigusa, mikono. Unakumbuka ile mikono iliondokaje? Mkono wa kulia waliuchukua majambazi, yule Boddicker na wenzake, waliung'oa kwa bunduki akiwa bado hai anaangalia. Lakini wa kushoto majambazi hawakuuchukua. Madaktari waliuokoa, wakamwambia bosi wa ile kampuni iliyokuwa inamgeuza mashine, kwa furaha kabisa, kwamba tumefanikiwa kuuokoa mkono, na bosi akauliza kwani si tulikubaliana mwili mzima uwe wa bandia, ukateni. Wa kulia ulichukuliwa na wauaji na wa kushoto ulichukuliwa na ofisi, na mimi miaka yote hii huyo wa ofisi ndo ananiuma zaidi. Na kile kitu wanachomlisha, uji mzito unatoka kwenye mashine, wanasema una ladha ya chakula cha watoto wachanga. Halafu Lewis, yule askari mwenzake, alipomtambua wakamwambia huyu hana jina, ana programu, ni bidhaa. Bidhaa!

Hapo ndo huwa narudia neno la babu yako, nisamehe umelisikia mara mia, kwamba mtu ni kuitika. Ukiitwa jina lako ukaitika wewe ni mtu, hayo mengine ni mwili tu.

Mjomba wako ajali ilimpata 2003, wewe ulikuwa tumboni miezi saba. Alikuwa Mafinga anapasua mbao za misindano kwenye dingdong, zile mashine wanahamisha nazo msituni, msumeno uko wazi hauna hata kibati cha kukinga. Glavu ikashikwa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Mimi na tumbo langu nilipanda basi kwenda kumwona, na kabla ya hospitali nikapita kwa tajiri wake nijue ilikuwaje na nani atalipa. Yule baba hakuuliza hali yake. Aliniambia mashine imesimama siku tatu na wateja wa mbao wanamsumbua. Siku tatu! Nikasimama pale nimeshika kiuno, sikusema kitu, nikaaga vizuri nikaondoka, na mpaka leo nikiosha vyombo namjibu yule mtu maneno ambayo nilitakiwa kumjibu siku ile.

Sasa nikupe ile ambayo hujawahi kuisikia maana sijawahi kuisimulia.

Alipotoka hospitali tulimleta Tukuyu kwa bibi yako. Baadaye ndo ng'ombe mmoja aliuzwa akaenda Moshi, hospitali ya KCMC, kwa wale mafundi wa viungo vya bandia, wakamtengenezea ile kulabu unayoijua. Amerudi nayo, nyumba nzima imejaa, baba wakubwa wapo, majirani wapo, watu wanamwangalia wanajifanya hawamwangalii. Si unajua inavyofanya kazi, mikanda inapita mgongoni inazunguka bega la kushoto, waya unashuka mpaka kwenye kulabu, akisukuma bega mbele inafunguka, akilegeza, ile mipira ya kuvutika inaifunga tena. Kumbe kila akikohoa ilikuwa inafunguka kidogo. Inalia tik. Na kila ikilia tik mazungumzo yanakatika.

Chakula kikaja, ugali na maharage na mboga ya maboga, sinia kubwa la wanaume kama kawaida. Na mimi, Lusajo, mimi dada yake niliyetembea naye mpaka Mafiati, nilikuwa nimeshafikiria kabla. Kulia hana, kushoto hakuliwi kwenye sinia la watu, wazee watasema nini. Kwa hiyo nikamwandalia sahani yake peke yake, nikamkatia ugali vipande vidogo vidogo, nikaweka na kijiko, nikampeleka kwenye kile kimeza cha pembeni karibu na dirisha. Kwa mapenzi kabisa. Nilidhani namsitiri.

Aliangalia ile sahani. Halafu akaniangalia mimi. Hakukasirika, bora angekasirika. Akasema tu, "Asante dada," akakaa.

Bibi yako alikuwa anapita na jagi na beseni anawanawisha wazee. Alipomaliza sinia la wanaume hakurudi jikoni, akaja mpaka pale dirishani. Mjomba wako akatoa mkono wa kushoto. Akammwagia, akampa sabuni, akamsuuza. Kisha akabaki ameinama palepale na jagi lake. Akasema, "Na huo mwingine." Mjomba wako akawa kama hajasikia, bibi akarudia, "Lete na huo mwingine, unakula na mkono mchafu?" Akausogeza. Yule mama akaumwagia maji ule mkono wa chuma, akausugua kwa sabuni katikati ya zile ndoano mbili kama anavyosugua vidole, akausuuza, akaufuta na khanga yake. Nyumba kimya. Akachukua ile sahani yangu akaniwekea mikononi bila kuniangalia, akamshika mwanae kwenye bega akampeleka kwenye sinia, akawaambia baba wakubwa wamsogelee kidogo. Akala kwa kushoto. Hakuna aliyefungua mdomo, na baba mkubwa wa Rungwe, yule mkali kuliko wote, ndo aliyekuwa anamsukumia maharage upande wake.

Ile sahani niliila mimi jikoni, nimesimama.

Kwa hiyo ukiniuliza Murphy ni mtu au mashine, mimi najikuta nauliza nani alimnawisha. Nyumbani kwake alirudi, si unakumbuka, nyumba tupu inauzwa, mke kahama na mtoto baada ya mazishi kwa sababu kwao alishakufa. Hakuna bibi yako pale. Kuna Lewis peke yake, namshukuru yule binti kila nikimwona, kule kwenye kile kiwanda kibovu cha chuma anampelekea vikopo vya chakula cha watoto na kumshikia bati ajiangalie uso. Na hapo ndo Murphy anasema lile neno, kwamba anawahisi mkewe na mwanawe lakini hawezi kuwakumbuka. Mjomba wako alikuwa kinyume chake. Mkono wake anaukumbuka vizuri mno, usiku vidole vinamwasha, vidole ambavyo havipo, anaamka anakuna hewa. Akisema "mkono wangu" anamaanisha ule uliobaki Mafinga. Hii nyingine alikuwa anaiita "hili lichuma". Na Murphy naye hivyohivyo, sikiliza vizuri mkiiangalia tena, anauliza habari za mke wa Murphy kama Murphy ni mtu mwingine, jirani yake fulani. Ni mwisho kabisa, mzee mwenye kampuni anapomuuliza jina lake nani, ndo anajibu Murphy, basi, anaondoka. Kaitwa kaitika.

Lakini nijibishane mwenyewe kabla wenzako hawajakubishia. Mbwa wetu hapa anaitika. Simu uliyoniletea nayo nikiiita inaitika kwa sauti nzuri kuliko majirani. Kwa hiyo kuitika peke yake hakutoshi, ingawa babu yako akinisikia atageuka kaburini. Na kuna lile la amri ya nne, ambalo najua ndo wamekubania nalo. Kwamba walimfichia amri ndani yake asiweze kumkamata kiongozi wa kampuni, na alipofika mbele ya yule Dick Jones mwili ukamgoma, na hata mwisho hakuivunja, alisubiri mzee amfukuze kazi Jones kwanza ndo akampiga risasi. Mashine hiyo, watasema, inafuata programu mpaka mwisho. Nami nilikuwa nasema hivyo. Halafu nakumbuka mimi nimesimama mbele ya tajiri wa dingdong nimeshika kiuno, nina mdomo, nina akili, nina mdogo wangu hospitali, na nikaaga vizuri. Mimi hiyo amri aliniwekea nani? Sina waya hata mmoja mwilini.

Unaona sasa ninapokwamia. Nikisema ni mtu, nasema kwa sababu ya Lewis na kwa sababu ya ile bastola, namna anavyoizungusha kidoleni kabla ya kuirudisha, alijifunza kwa ajili ya mwanawe aliyeona kwenye tivii akamwomba baba yake, na ilikuwa hiyohiyo ndo Lewis alimtambulia, wala uso alikuwa hajauona. Walimfutia vyote, kile alichoombwa na mtoto wakashindwa kukitoa. Na nani alimfanya mjomba wako aache kuiita lichuma? Wewe. Ulikuwa na miaka minne, unamletea chupa ya soda huku unakimbia, "Mjomba fungua kwa mkono," na anaifungua na ile kulabu paa, kizibo kinaruka, unacheka mpaka unakaa chini, unaleta nyingine. Vijana wa mtaani walikuwa wanamwita Robo akawa anabadilisha njia, lakini wewe ulipomwita Robo alikutembelea ile tembea ya Mwanjelwa, kichwa kwanza mwili baadaye, sebuleni kwangu, miaka 15 baadaye. Nilitoka nje.

Nilitaka kukuandikia neno moja tu mwishoni ukawaonyeshe wenzako, nimeliandika nimelifuta mara tatu. Siliandiki. Sinema hiyo ina watu wawili ambao wangeweza kujibu na wote walihama, mke na mtoto, na mimi siwezi kusema kwa niaba yao. Ukija Desemba muulize mjomba mwenyewe, yeye ana maoni makali kuliko mimi, hata ile mpya ya 2014 hataki kuisikia ingawa humo walimwachia mkono wa kulia. Ila usimuulize wakati wa kula.

Saivi kulabu haivai kila siku, inamchubua, anaivaa akienda shamba. Tangu bibi yako aondoke jagi nashika mimi. Jumapili iliyopita alikuja hana kitu, mkono wa shati umekunjwa umebanwa na pini, nikammwagia wa kushoto, akasuuza, na mimi kwa mazoea nikabaki nimeinama na jagi namsubiri. Aliniangalia, akaitoa pini, akakunja shati, akaleta kigutu. Nikamimina.

Mama yako