Maswali na majibu: uwanja wa shule wenye ndege na vipepeo

Shuleni kwetu uwanja wote hufagiwa kila asubuhi. Nataka sehemu iachwe iote majani, ila mwalimu mkuu anasema wageni watatuona wachafu. (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, mwambie usafi unabaki pale pale. Fagieni mbele ya madarasa, njiani na mahali pa mstari. Ombeni kona moja tu isiyoguswa na fagio wala moto. Udongo unaofagiwa kila siku hushindiliwa ukawa mgumu. Mvua ikinyesha maji hayazami, yanakimbia na udongo wa juu. Kaangalieni misingi ya madarasa ilivyobaki wazi! Majani makavu yakiachwa, huja jongoo, wadudu na buibui, kisha ndege wa kuwala. Zungusheni kona hiyo mawe yaliyopakwa chokaa, wekeni kibao kilichoandikwa "Bustani ya Sayansi". Mgeni akiona mpaka na kibao ataelewa kuwa ni makusudi.

Vichaka si vitaleta nyoka? Mwanangu yuko darasa la pili. (Mama, Tanga)

Hofu yako ni ya haki, mama. Nyoka wengi hufuata panya, na panya hufuata mabaki ya chakula, kisha hujificha kwenye rundo la matofali na mbao nyuma ya jiko. Usafi uanzie hapo. Kona yenyewe iwe mbali na madarasa na vyoo, nyasi za kando ya njia zikatwe fupi, na watoto waingie na mwalimu, wamevaa viatu. Nyoka akionekana, warudi nyuma na kuita mtu mzima. Wasimrushie mawe.

Tumepewa miche ya mikaratusi. Tuipande? (Mlezi wa klabu ya mazingira, Dodoma)

Kwa ukame wa Dodoma, hapana. Mkaratusi unakunywa maji mengi, na viumbe wetu wengi hawapati chakula kwake. Tafuteni mkwaju na mkunazi: inavumilia kiangazi, nyuki wanafuata maua yake, na watoto wanakula matunda. Mkuyu ni karamu ya ndege, lakini upandeni mbali na majengo kwa sababu ya mizizi.

Ongezeni mndimu mmoja mtakaoweza kuumwagilia. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayetaga kwenye majani yake. Kiwavi wake akiwa mdogo ni wa kahawia na mabaka meupe, utadhani kinyesi cha ndege. Akikua anageuka kijani. Mguse taratibu kwa kijiti: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini, nyekundu, zenye harufu kali. Msipulizie dawa. Atakula majani kadhaa, na wanafunzi wataona yai, kiwavi, pupa na kipepeo kwa macho yao.

Nina wanafunzi 90. Nitawafundishaje nje bila fujo? (Mwalimu, Kigoma)

Nusu wabaki darasani na zoezi, nusu watoke, kisha wabadilishane. Wagawe watano watano. Kila kundi lipewe kamba ya mita nne, waitandaze chini iwe mraba, na kwa dakika 15 wahesabu na kuchora kila kilicho hai ndani yake. Mraba mmoja uwe kwenye udongo uliofagiwa, mwingine kwenye ile kona. Tofauti wataisema wenyewe. Rudieni palepale masika na kiangazi. Hapo kwenu Gombe, Jane Goodall alianza utafiti wake wa sokwe mwaka 1960 kwa kukaa, kutazama na kuandika daftarini. Watoto wa Kigoma wanaweza kazi hiyo.

Tukiwawekea ndege maji, hatufugi mbu? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

Hapana, mkiyamwaga na kuweka mapya kila baada ya siku mbili, maana yai la mbu huchukua zaidi ya hapo kuwa mbu kamili. Tumieni sahani ya udongo yenye maji ya kina kifupi, na jiwe katikati ili nyuki apate pa kusimama. Shule ikifungwa, ifudikizeni.