Tenki Kubwa Lililoniaibisha

Juma lililopita kijana mmoja anayesimamia ujenzi wa hosteli huko Dodoma aliniandikia akitaka nimthibitishie kwamba tenki la lita 10,000 litamtosha kuhifadhi maji yaliyokwisha kuogewa kabla hayajapelekwa kuflashia vyoo. Nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha, kwa sababu namba hiyohiyo niliwahi kuichora mimi, ikanigharimu fedha na heshima.

Ilikuwa hosteli ya wanafunzi 80 jijini Dar es Salaam, miezi michache baada ya mgawo wa maji wa mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na kila mwenye jengo akawa tayari kumsikiliza yeyote anayezungumzia kuokoa maji. Nilikadiria kwamba kila mwanafunzi ataoga ndoo moja ya lita 20 na kunawa kwa lita 10 hivi, kwa hiyo jengo litatoa lita 2,400 kwa siku. Vyoo vilikuwa vya vitufe viwili, cha lita 3 na cha lita 6, na kwa lita 18 kwa mtu mahitaji yalikuwa lita 1,440 tu. Nilipoona ziada, nilijiona mtaalamu. Nikaamua kuihifadhi yote kwenye tenki la lita 10,000.

Wiki ya tatu nilipigiwa simu. Nilipofunua tangi dogo la choo cha ghorofa ya pili, nilikuta utelezi wa kijivu umeganda kwenye boya, nywele zimejisokota kwenye valvu, na maji yenye rangi ya chai ya maziwa yananuka kama yai viza. Mwenye jengo alikuwa amesimama mlangoni akijiziba pua kwa leso. "Fundi," akaniambia mbele ya vijana wangu, "mbona umenipandishia karo la majitaka ghorofani?"

Neno hilo sijalisahau, ingawa alisema kweli. Maji ya bafuni yana sabuni, jasho na mabaki ya ngozi, ambavyo ni chakula cha bakteria. Wakishamaliza hewa ya oksijeni iliyomo majini, huanza kutoa gesi yenye salfa, na ndiyo ile harufu. Bila kusafishwa, maji hayo hayafai kulala zaidi ya saa 24. Kwenye tenki langu, lililokuwa limejaa muda wote, yalikaa karibu siku saba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usipime tenki kwa maji uliyonayo. Lipime kwa maji yatakayotumika leo. Niliweka tenki la lita 1,500 kwa fedha zangu, nikatanguliza chujio la nywele linalofunguka kwa mkono, kisha chujio la mchanga na dawa ya klorini, na ziada nikaiachia njia ya kumwagikia kwenye bomba la majitaka. Maji ya jikoni sikuyagusa, kwa kuwa mafuta huziba chujio. Bomba la maji safi la kujazia tenki linapopungua nililining'iniza juu ya mdomo wa tenki, lisiguse maji kamwe, kwa sababu siku ya mgawo presha ikianguka, bomba lililozama hunyonya uchafu na kuupeleka kwenye maji ya kunywa. Hapo sina msamaha na fundi yeyote. Paipu za maji haya ya bafuni ziwe na rangi yake na maandishi, na usiache koki hata moja ya majaribio: niliiacha moja, na dada wa usafi akawa anajazia ndoo ya kudekia.

Hesabu hii haihamishiki kwenye jengo la ofisi, ambako mtu ananawa kwa lita moja au mbili na kuflashi kwa lita sita. Huko utazungusha mabomba mawili ukutani kwa faida ndogo mno, na anayekushawishi vinginevyo anauza pampu.

Sote tunaofanya kazi hii tunatamani jengo litakalotajwa kwa jina letu, na tamaa hiyo ndiyo inayotununulia matenki makubwa. Ukubwa unaonekana barabarani. Chujio linalosafishwa kila Jumamosi halionekani na mtu, lakini ndilo kazi yenyewe.

Tenki langu la lita 10,000 bado liko pale. Linakinga maji ya mvua, na mwenye jengo huwaeleza wageni kwamba alilinunua kwa kazi hiyo.