Spika za nyuma zinalia, hedifoni za mbele kimya
Mkuu, kama spika ulizochomeka nyuma ya kompyuta ya mezani zinalia fresh ila hedifoni ukichomeka mbele ni kimya, usikimbilie kununua saundi kadi, hiyo hela kaa nayo kwanza. Bofya kulia kwenye kale ka alama ka spika pale chini, ingia setingi za sauti uangalie imechaguliwa itokee wapi, mara nyingi Windows inang'ang'ania spika au inapeleka sauti kwenye monita kupitia waya wa HDMI. Ukiona hedifoni hazipo kabisa kwenye listi basi zima mashine, chomoa umeme, fungua kava la pembeni ufuate waya unaotoka kwenye matundu ya mbele, mwisho wake una plagi ndogo imeandikwa HD AUDIO, inakaa kwenye pini 9 za mazabodi (ile bodi kubwa ya ndani) palipoandikwa F_AUDIO, AAFP au JAUD1. Yangu fundi alipuliza vumbi akaiacha inaning'inia, nikahangaika na draiva (programu za kuendesha sauti) wiki nzima aisee! Kwenye hiyo plagi kuna kitundu kimoja kimezibwa kwa hiyo inaingia upande mmoja tu, usilazimishe utapinda pini. Halafu plagi ya hedifoni zako ina mistari mitatu kama ya simu, yaani sauti na maiki pamoja? Kwenye kompyuta tundu la kijani ni sauti, la pinki ni maiki, kwa hiyo maiki itagoma mpaka upate kile kiwaya cha kugawa mara mbili. Jaribu uje utuambie.